Nusu ya Tairi Kwake, Nusu Kwangu

Lori letu lilianza kulia mwezi wa pili. Mwanzo ilikuwa sauti nyembamba tu kutoka nyuma, upande wa kushoto, mtu angedhani nimebeba nyuki. Nikiongeza mwendo inapanda, nikipunguza inanung'unika. Mimi nilijua ni nini. Miaka thelathini na mbili nimekaa ndani ya hilo lori, kwanza kando ya mzee wangu, mume wangu, halafu mahali pake alipokufa, na hakuna sauti yake nisiyoijua. Ilikuwa beringi ya gurudumu. Lakini watu wakiuliza nilisema ni tairi, na wakiangalia tairi nilisema ni barabara.

Ukweli ni kwamba sauti ile ilinifaa. Kutoka Kitale hadi Suam kuchukua viazi, kutoka Suam kushuka hadi Bungoma kuviuza, niko peke yangu kwenye kabini. Sasa kulikuwa na kitu kinaongea. Nilikuwa naijibu. Nilikuwa nasema, "Nyamaza, tumefika karibu," nayo inalia tu.

Mwezi wa nne, nikirudi kutoka Bungoma bila mzigo, kabla ya kufika Kiminini nikasikia harufu ya grisi inaungua. Nikasimama kando. Gurudumu lilikuwa linatoa moshi, limeinama kama mtu mwenye mguu mbaya. Nililimwagia maji ya kunywa, yakachemka hapo hapo. Trekta ya mtu ndiyo ilinivuta hadi nyumbani, na mimi kwenye usukani, kichwa juu, nikisalimia watu kama kawaida.

Nilimwita Shafi, fundi wa pale karibu na msikiti wa Kitale. Alilishika tairi juu na chini, akalitikisa, likacheza kama jino la mtoto.

"Shosh," akasema, "hii imekula mpaka ndani. Hii gari imechoka bana. Uzia watu wa vyuma chakavu."

"Shosh yako ni nani? Mimi si nyanya yako."

"Pole, mama. Lakini nasema ukweli. Imechoka."

"Hata mdomo wako umechoka. Kwanza wewe nenda ukauuze kwa watu wa vyuma, halafu urudi uniambie wamekupokea vipi."

Alicheka, akakusanya spana zake, akaenda. Sikumwita tena. Lori lilikaa uwanjani wiki tatu, kuku wakaanza kutaga chini yake.

Sasa kuna mtu mmoja tu aliyebaki duniani anayelijua gurudumu lile. Jina lake silitaji, hata hapa. Ni mkwe wangu, mume wa binti yangu Rosaline.

Alikuja kwetu akiwa kijana kutoka Bungoma, mzee wangu akamchukua awe utingo wake. Miaka minne alikula kwangu. Wakati huo nilimwita jina lake kwa sauti kubwa, na siku moja nilimpiga na mwiko kwa sababu alimaliza nyama kabla ya wengine. Mzee wangu alimfundisha lori lote, nati kwa nati. Halafu akamtaka Rosaline. Siku ng'ombe zilipoingia kwa lango letu, yule kijana nilimpoteza, nikapata mkwe.

Sisi Wabukusu, mama mkwe na mkwe hawapeani mkono. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawatajani majina. Akija huku mimi napita kule. Tukikutana njiani ghafla, yeye anavua kofia na kunigeuzia mgongo mpaka nipite. Mgeni akiona atasema hawa wamekosana. Si hivyo. Hiyo ndiyo heshima kubwa tuliyo nayo, hakuna inayoipita. Miaka kumi na miwili mkwe wangu alinigeuzia mgongo vizuri sana, na mimi nilikuwa najivuna nayo sokoni Bungoma, mbele ya wanawake ambao wakwe zao huwapungia mkono kama makondakta.

Rosaline aliumwa wiki moja tu. Ni miaka miwili sasa. Hawakujaliwa mtoto.

Kwa hivyo ukiniuliza leo ni nini kinachonifanya mama mkwe wa mtu, sina kitu cha kukuonyesha. Binti hayuko, mjukuu hayuko. Kimebaki ule mgongo tu. Siku atakayonipa mkono kama anavyompa mtu yeyote, itakuwa ni kama Rosaline hakuolewa, na mimi nitakuwa mwanamke fulani tu mwenye lori bovu.

Ndiyo maana sikumwita. Lakini nina jirani.

Jirani yangu ni Gladwell, anauza maziwa, na maneno anayatoa bure. Yeye si wa kwetu, watu wake ni wa Nyandarua, na mambo ya mkwe hayaelewi hata ukimchorea. Siku moja alikuja na mkebe wake, akakaa kwa kiti changu bila kuambiwa.

"Mama Rosaline, nimempigia."

"Umempigia nani?"

"Fundi wako wa Bungoma. Si ni mkwe wako? Anakuja Jumamosi."

"Na nani alikutuma?"

"Kuku zako. Mayai yananuka mafuta ya gari, nani atakula hiyo?" Halafu akashusha sauti, na Gladwell akishusha sauti ujue sasa ndiyo anaanza. "Amesema ana neno na wewe. Na nimesikia ati anaoa. Mwanamke wa Sirisia, mwalimu. Watu wa huyo mwanamke wamemwambia amalize kwanza mambo ya kwa mama yake wa zamani."

Hivyo ndivyo alivyosema. Mama wa zamani. Nilimwambia maziwa yake ya leo yana maji, aende nayo.

Jumamosi nilichinja jogoo, kwa sababu mkwe ni mkwe mpaka aseme mwenyewe. Nilipika mapema nikajifungia jikoni. Nilisikia pikipiki ikiingia, ikazimwa langoni. Uso wake sikuuangalia. Lakini mbao za jiko langu zina nafasi, na mzigo niliuangalia. Nyuma ya pikipiki kulikuwa na sanduku la spana, na juu ya sanduku, limefungwa kwa mpira, blanketi jekundu, jipya, bado liko kwa nailoni.

Nilikaa chini kwenye kigoda.

Kwetu mkwe akitaka kuondoa ile aibu ya kugeuziana mgongo, anakuja na blanketi. Anamfunika mama mkwe mabegani, anampa mkono, na kutoka siku hiyo wanasalimiana kama watu. Kuna wanaofanya hivyo wakiwa wamezeeka pamoja, na hapo ni sherehe, watu wanakula. Na kuna wanaofanya kwa sababu wanaenda kwingine, wanataka kufunga mlango bila kelele. Hao wa pili hawaji na watu wa kuimba. Wanakuja peke yao, na pikipiki.

Gladwell aliingia jikoni anahema kama ndiye aliyeendesha.

"Amefika! Anasema hajambo, na ana neno na wewe."

"Mwambie aanze na gurudumu."

"Si utoke tu umsalimie? Huyu si ni mtoto uliyemlisha?"

"Gladwell. Mwambie aanze na gurudumu."

Akatoka. Nikasikia, "Anasema uanze na gurudumu!" kama vile mkwe wangu yuko Uganda. Na sauti yake, ambayo sikuwa nimeisikia tangu mazishi, ikasema, "Sawa."

Nilibaki jikoni nikimfuata kwa masikio. Kwanza mawe, anayaweka mbele na nyuma ya magurudumu mengine ili lori lisitembee. Halafu nati za tairi, anazilegeza likiwa bado chini, hivyo ndivyo alivyofundishwa. Jeki. Magogo mawili chini ya ekseli, kwa sababu mzee wangu alikuwa akisema jeki ni ya kuinua, si ya kuamini. Tairi likatoka. Akafungua nati nane za shafti, akaivuta, nikasikia oili ya difu, ya gia za nyuma, inadondoka kwenye karai. Halafu ile nati kubwa ya katikati, ambayo ina kipande cha bati kimekunjwa juu yake kuizuia. Alikikunjua polepole, kwa patasi. Shafi angekipiga nyundo.

Halafu kimya. Nikajua ametoa beringi ameishika mkononi.

"Uuu!" Gladwell akasema huko nje. "Hii imekuwa bluu!"

Imeungua. Chuma cha beringi kikiungua kinakuwa bluu kama shingo ya kanga. Nilijua alikuwa anafikiria nini. Alikuwa anafikiria nililiendesha likilia kwa miezi miwili, mimi niliyemwambia zamani asiendeshe kitu kinacholia. Niliona aibu nyingine, si ile ya kwetu.

Akaanza kutoa vikombe vya zamani, pete za chuma ambamo beringi hukaa, ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, nyundo kidogo huku, kidogo kule, kidogo huku, ili visikwame upande. Nilikuwa nahesabu na yeye. Mwisho kimoja kikaanguka kwenye sahani, tang'. Cha pili, tang'. Akaosha habu kwa mafuta ya taa, akaingiza vikombe vipya, akapaka grisi. Hiyo haina sauti, lakini najua inavyofanywa. Unaweka grisi kwenye kiganja, unaikandamiza beringi pale mpaka grisi itokeze upande wa pili, kati ya kila goroli. Mzee wangu alinifundisha mimi na yeye siku moja, uwanjani hapo hapo, na Rosaline amekaa kwenye ngazi anatucheka mikono.

Saa saba Gladwell alimpelekea chakula. Alikula amekaa upande wa pili wa lori, kama inavyotakiwa, lakini hiyo pengine ni kwa sababu upande huo kulikuwa na kivuli. Nilikataa kuiweka moyoni.

Kisha mtoto wa Gladwell akaita kutoka kwa ua, ng'ombe wao ameanza kuzaa, na Gladwell akatupa sahani akakimbia na leso yake ikimfuata.

Tukabaki wawili, mimi jikoni, yeye uwanjani, na habu iko mahali pake, tairi limerudishwa, na nati kubwa haijakazwa.

Hapo lazima nieleze. Nati ya beringi haikazwi tu kama nati ya meza. Unaikaza huku gurudumu linazungushwa, ili beringi zikae vizuri kwenye vikombe. Likianza kuwa zito, unairudisha kidogo. Ukikaza sana itaungua tena, ukilegeza itacheza. Mafundi wengi wanafanya peke yao, mkono mmoja spana, mwingine tairi. Mzee wangu alikataa kabisa. Alisema mkono unaokaza unapenda kazi iishe, kwa hivyo unajidanganya. Anayekaza asiwe anayezungusha. Katika lori letu hiyo ilikuwa sheria, na yule pale nje ndiye aliyeapishwa nayo.

Nilimsikia ameinuka, akazunguka, akakaa tena. Alikuwa anangoja mtu. Hakukuwa na mtu.

Nikangoja na mimi. Nilisema moyoni, akiita "Mama" kama zamani, basi imekwisha, nitatoka anifunike na blanketi lake aende.

Hakuita. Nilisikia kitu kinaburutwa. Nikachungulia. Alikuwa ameegemeza mti mrefu kwenye ubao wa lori, akatupa turubai juu yake, likaning'inia mpaka chini kama pazia, likagusa gurudumu katikati. Kisha akaingia upande wa kabini, nikaona buti zake tu chini ya turubai. Akaongea na lori.

"Wewe lori," akasema, "mwenye wako anajua kwamba anayekaza asiwe anayezungusha?"

Nilitoka nje. Miguu yangu ilitoka, mimi nilikuwa bado nafikiria. Nikasimama upande wangu, upande wa nyuma. Nusu ya tairi kwake, nusu kwangu, na turubai kati.

"Wewe lori," nikasema, "mwambie huyo mtu nilikuwa najua kabla hajajua kufunga kamba za viatu."

"Lori, mwambie basi azungushe."

Nikashika tairi, nikazungusha. Lilikwenda kama la bure.

"Bado," nikamwambia lori.

Spana ikalia. Nikazungusha.

"Bado. Huyu mtu anaogopa nati?"

"Lori, mwambie tumeona beringi iliyokuwa humu ndani. Ni bluu. Mtu aliyeiendesha ndiye haogopi kitu."

"Mwambie kazi yake ni spana, si mdomo."

Nikasikia amecheka kwa pua. Alikuwa akicheka hivyo hata akiwa utingo. Nikazungusha, na mikono yangu imejaa vumbi la tairi, na sikutaka nati ile ifike mwisho.

"Lori," akasema, sauti imeshuka, "mwambie mwenye wako yale aliyosikia ya Sirisia ni kweli."

Sikuacha kuzungusha.

"Ni mtu mzuri. Watu wake wamesema nisiingie kwao nikiwa bado na ukwe wa mahali pengine. Wamenipa blanketi. Wamenunua wenyewe. Wanataka niwaambie kwamba nimepeana mkono, mambo ya hapa yamekwisha."

"Wanataka lini?"

Nilisahau kupitishia kwa lori. Yeye pia alisahau.

"Wiki ijayo."

Tairi lilianza kuwa zito mikononi mwangu. "Limefika," nikasema. "Rudisha." Akarudisha nati, robo. Nikashika juu na chini, nikatikisa. Halikucheza hata kidogo. Nikazungusha mara moja ya mwisho, likaenda lenyewe, halina sauti, likazunguka na kuzunguka, na sisi wawili tukilisikiliza, na hakuna cha kusikia.

Mimi ni mtu wa kiburi. Hilo wote watakwambia, kuanzia Suam. Sijawahi kungoja mtu aniache, mimi huondoka kwanza. Na nilifikiria, huyu mtoto ana miaka ngapi, arobaini hajafika, atakaa na spana na turubai mpaka lini? Rosaline mwenyewe angenipigia kelele. Basi nikapangusa mkono wa kulia kwenye leso, nikaunyoosha, nikaupitisha pembeni ya turubai mpaka upande wake. Nilifunga macho.

Mkono ulikaa pale. Ulikaa sana. Nilisikia kuku, nikasikia ng'ombe wa Gladwell, na matone ya kwanza ya mvua yakapiga kabini.

Kitu kizito kikawekwa kwenye kiganja changu. Baridi, kina mafuta, kimefungwa kwa kitambaa. Vidole vyake havikunigusa hata kimoja. Alikiweka kama mtu anavyoweka yai.

"Lori," akasema, "mwambie mama wa mke wangu hiyo ni beringi yake ya zamani. Ya ndani, ile kubwa. Asiitupe. Na mwambie akisikia kitu kinalia tena, aache kusema ni barabara."

Nikarudisha mkono upande wangu.

"Na wa Sirisia?" nikauliza. "Lori, muulize. Na wa Sirisia?"

"Mwambie nitawarudishia blanketi lao. Huyo mwanamke akinitaka atanichukua na mama mkwe wangu. Asiponitaka, basi."

Nilirudi jikoni, nikafunga mlango. Nilimsikia akikunja kile kipande cha bati juu ya nati, akirudisha shafti, akijaza oili, akishusha jeki. Mvua ilikuwa inanyesha vizuri sasa, na mtu mwingine angekimbilia barazani. Yeye alikaa chini ya lori mpaka ilipopungua. Alipokuwa anaondoka hakupita mbele ya jiko. Alisukuma pikipiki akazunguka nyuma ya ghala, kwenye matope, mpaka langoni, na nyuma ya pikipiki blanketi lilikuwa limefungwa vile vile lilivyokuja.

Gladwell alirudi jioni, ana damu ya ng'ombe hadi kwenye viwiko, ndama ni jike.

"Mmesalimiana?" akauliza.

"Hapana."

"Hata mkono?"

"Hata mkono."

"Aki nyinyi watu," akasema, akatikisa kichwa, akanihurumia. Nilimpa paja la jogoo lililobaki.

Jumatatu nilienda Suam nikapakia, Jumanne nikashuka Bungoma. Lori halisemi kitu sasa. Barabara yote ni injini tu na mimi, na nimegundua njia hiyo ni ndefu kuliko nilivyokuwa nadhani. Ile beringi nimeiweka mbele ya kioo. Kwenye kona inajizungusha, inakwaruza kidogo, halafu inanyamaza.

Gereji ya mkwe wangu iko ng'ambo ya reli. Alikuwa amesimama nje na wateja wawili. Nilipiga honi mara moja, fupi. Aliangalia lori, si mimi. Akavua kofia, akanigeuzia mgongo, akasimama hivyo mbele za watu mpaka nikapita.